Watu Waliinuka? Siku Nane za Fundi Mitambo Dar es Salaam

Jumanne

Nimepanda basi la alfajiri pale Kange, Tanga, nikiwa na begi moja, kitita cha fedha nilichokifunga kiunoni kama mtu anayepeleka mahari, na shughuli moja tu: kununua miksa, chombo cha kuchanganya sauti za maiki kabla hazijafika kwenye spika. Yangu ya chaneli nane imezeeka. Ukiipandisha sauti inakohoa, na mwezi uliopita, katikati ya dua ya ndoa, ilipiga mluzi mpaka shehe akanyamaza akanigeukia. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikaapa siku hiyohiyo.

Oktoba ni mwezi mzuri wa safari kama hii. Kusi limechoka, kaskazi haijaanza, bahari imetulia kwenye maleleji, na mvua za vuli bado zinatishia bila kunyesha. Majukwaa mengi ya Dar hayana paa, basi masika ikishuka, Machi mpaka Mei, kazi inalala. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia huko huko mwanzoni mwa mwaka, na taarabu haipigwi kwenye mfungo. Ndiyo maana ukishafika mwezi wa tisa, wa kumi, kila mwenye spika anafidia: harusi, ngoma, maigizo, bendi, vyote vinabanana kabla mvua haijashika. Nikasema, madhali nakwenda kununua chombo, kwa nini nisisikilize vyombo vya wenzangu wiki nzima?

Segera, Chalinze, Kibaha, saa saba mchana nimeshuka Mbezi Luis. Daladala hadi Kimara, mwendokasi hadi Magomeni, nimesimama njia nzima nimekumbatia begi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Tanga hamli siku hizi?"

Shangazi yangu ana miaka sitini na tano na anauza vitumbua barazani kwake Magomeni Mikumi. Ujanani alikuwa mchezaji wa kikundi cha ngoma cha kiwanda kimoja cha nguo. Nilipomtajia niliyopanga, Upanga, taarabu, Bagamoyo, akaweka chini ungo wa mchele.

"Basi ukirudi usinieleze jukwaa lilivyopambwa. Taa sizitaki, mavazi siyataki. Niambie jambo moja tu: watu waliinuka?"

Jumatano

Kariakoo. Nimezunguka maduka sita. Nina desturi ya kuja na maiki yangu na hedifoni zangu, kwa sababu kila duka lina maiki yake nzuri inayofanya miksa mbovu isikike kama redio ya taifa. Wengi hujaribu kwa "moja mbili, moja mbili". Mimi nanong'ona "sasa Sisi wa Sasa", herufi ya s ndiyo inayotoa siri. Miksa mbaya inaila, miksa mbaya zaidi inaigeuza mbu.

Kwenye duka la sita nimekuta ya chaneli kumi na mbili iliyonong'ona vizuri. Kijana kaanza na laki nane na nusu, tumeshikana mkono kwenye laki saba. Tatizo, hiyo ni ya maonyesho, nyingine ipo stoo, stoo iko mbali, mwenye ufunguo kasafiri. Nimeacha laki mbili ya kishikio na risiti iliyoandikwa kwa peni inayokata. Nirudi Jumatatu.

Jioni nimekwenda Upanga. Kuna vituo viwili vya utamaduni vya wageni huko, cha Wafaransa na cha Wajerumani, na kwa miaka mingi vimekuwa mahali ambapo msanii wa Dar asiye na ukumbi anapata jukwaa, taa na watazamaji wanaofika kwa wakati. Hilo la mwisho si dogo. Tangazo lilisema saa moja usiku, na saa moja na dakika tano taa zimezimwa. Nimetoka Tanga ambako saa moja maana yake ni saa mbili na nusu, nusura nikose mwanzo.

Ilikuwa densi ya kisasa: vijana watatu, miguu mitupu, na ndoo tupu za maji za lita ishirini. Hakuna aliyesema neno. Walizipanga foleni zile ndoo, wakazigombania, mmoja akaivaa kichwani, na mtu yeyote aliyewahi kuamka saa tisa usiku kusubiri bomba alielewa kila kitu. Lakini mimi nilikuwa namtazama fundi mitambo, msichana wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa amelaza maiki mbili ndogo chini ya mbao za jukwaa. Chini! Nyayo zikawa ngoma. Kijana akivuta kidole cha mguu unasikia mkwaruzo wake kwenye mgongo wako. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, sijawahi kufikiria kumpa mguu maiki.

Watazamaji walikaa wima, mikono magotini, wakasimama mwishoni wakapiga makofi marefu.

"Kwa hiyo waliinuka," nikamwambia shangazi.

"Mwishoni?"

"Mwishoni."

"Hiyo si kuinuka. Hiyo ni adabu."

Alhamisi

Mvua. Haikutishia tena, imeshuka tangu alfajiri, na umeme ukakatika saa nne. Nilitaka kwenda Mlimani, Chuo Kikuu, ambako maigizo yamefundishwa tangu miaka ya 1960 na ambako watu kama Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba waliifanya tamthilia ya Kiswahili kuwa kitu cha kusomewa shahada. Safari imekufa. Nimeshinda barazani nikimsaidia shangazi kuchagua mchele.

Nimepata faida kuliko ningetoka. Akaanza kunihadithia enzi zake. Mwalimu Nyerere alianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, nchi ikiwa na mwaka mmoja tu, na baadaye kukawa na kikundi cha taifa cha ngoma, kisha vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Viwanda na mashirika nayo yakaunda vikundi vyao. Bendi vilevile: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, DDC Mlimani Park ya 1978 ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Gitaa si lake, ni la shirika. Akigombana na bosi anaondoka na sauti yake tu.

"Sisi tulikuwa tunafuma asubuhi, mchana tunacheza," anasema. "Akija mgeni wa nchi tunapelekwa uwanja wa ndege. Saa nne nzima juani, ndege haijatua. Ikitua tunacheza dakika saba. Mgeni anatupungia, anaingia garini. Hakuna aliyeinuka, maana hakuna aliyekaa."

Kisha akanieleza mdundiko, ngoma ya Wazaramo ambayo haikai mahali, inatembea. Inaanza na watu ishirini mtaani, kila nyumba inayopita inatoa mtu, mwanamke anaacha sufuria jikoni anaifuata. Akiwa na miaka minane aliufuata kutoka Magomeni, akazindukia mahali asipopajua, jua linazama, kiatu kimoja hana. Alichapwa na mama, akachapwa tena na baba aliporudi kazini. "Na Jumapili iliyofuata nikaufuata tena."

Usiku umeme umerudi. Nimetoka kidogo hadi baa moja Kinondoni kusikiliza bendi ya wazee. Wanamuziki saba, tarumbeta mbili, saksafoni moja, wachezaji wote wana mvi. Sina la kulalamika. Wapulizaji walikuwa hawana maiki hata moja na niliwasikia hadi chooni. Kumbe ubishi wa Msondo, ndiyo NUTA Jazz ya zamani, na Sikinde, ndiyo Mlimani Park, bado ungali hai: mezani kwangu wazee wawili waliacha kusemeshana kwa sababu yake, wakaishia kulipiana bia bila kutazamana. Shangazi mwenyewe ni Msondo, nimeona niseme nilikuwa sebuleni.

Ijumaa

Taarabu. Hapa naomba niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Tanga na nina upendeleo. Sisi ndio wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu wakati Unguja bado wanaona hayo ni utundu. Marehemu Shakila alianzia kwetu. Kwa hiyo nikisikia taarabu ya kinanda kimoja kinachopiga fidla, ngoma, filimbi na makofi kwa pamoja, meno yananiuma. Ndivyo ilivyo sasa karibu kila mahali, na sababu naijua vizuri: fidla sita zinataka nauli sita, chakula cha watu sita na maiki sita. Kinanda kinataka soketi.

Ukumbi uko Mwananyamala, ua wenye turubai juu. Tangazo: saa tatu. Wanaume watano na mafundi tulikuwepo saa tatu. Kinamama waliingia saa nne na nusu kwa makundi, sare kwa sare, meza ya kijani, meza ya zambarau, na marashi yakaingia mbele yao.

Mlangoni kuna mama amekaa na kibeti, kazi yake ni kuvunja noti. Unampa elfu kumi anakupa elfu moja moja kumi. Nilidhani ni hisani, kumbe ndiye mtu muhimu kuliko wote pale ndani, maana kutuza kwa noti moja kubwa ni ubadhirifu. Noti kumi ni safari kumi za kwenda jukwaani, na safari ndizo zinazoonekana.

Nitawaeleza safari moja tu. Mwimbaji alikuwa ameanza wimbo wa kumsema jirani anayejua habari za kila nyumba isipokuwa yake. Beti ya kwanza, mama mmoja wa meza ya kijani amekaa tu, anakula korosho. Beti ya pili akajifuta vidole, kimoja kimoja, kwa leso. Ilipokuja ile ya tatu akasimama, akatoa elfu moja, akaikunja kwa urefu, akaishika juu kama mtu anayeonyesha tiketi. Jukwaa liko kulia kwake. Yeye akaenda kushoto. Akazunguka meza ya zambarau yote, polepole, akicheza mabega tu, macho hayamtazami mtu, na alipofika nyuma ya kiti cha mwanamke mmoja mnene mwenye miwani akasimama pale, sekunde nne, tano, noti juu. Mwimbaji alimwona. Ndipo akaishusha maiki kabisa hadi kiunoni, na neno la mwisho la ubeti likamaliziwa na wanawake mia mbili kwa pamoja. Mimi sikusikia spika hata moja. Vigelegele, meza zimepigwa, mwenye miwani kaangua kicheko cha uongo akanywa soda. Halafu mama wa kijani akaenda jukwaani akaipachika noti, akarudi kwenye korosho zake.

Pembeni ya jukwaa kuna kijana anaokota fedha, anazinyoosha gotini, anazipanga kwa rangi. Usiku ule hakukaa.

Enzi za miaka ya 1990, za vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, mji mzima ulikuwa umegawanyika meza ya kijani na meza ya zambarau namna hii. Shangazi alikuwepo. Nimerudi saa tisa usiku nikamkuta macho.

"Waliinuka?"

"Mmoja mmoja. Kwa kupanga."

"Taarabu huinuki kwa kupenda wimbo," akasema, akajigeuza ukutani. "Unainuka kwa sababu ya mtu."

Jumamosi

Bagamoyo. Basi nimelipandia stendi ya Makumbusho, kilomita kama sabini kwenda kaskazini, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, minazi ikianza kuwa mingi kuliko maduka. Nilikuwa na usingizi wa saa mbili tu.

Kwa watu wa kazi zetu Bagamoyo ni kama Makka ndogo, shehe anisamehe. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, baada ya kile kikundi cha taifa kuvunjwa, na baadhi ya wachezaji wake ndio wakawa walimu. Mwaka uliofuata, 1982, tamasha likaanza, na limekuwa likifanyika kila mwaka tangu hapo. Tangu 2007 jina ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ila daladala nzima inasema "chuo cha sanaa" na konda anakuelewa. Ukumbi mkubwa uko karibu na ufuo, ngoma ikinyamaza unasikia maji.

Tamasha lilikuwa limeshika moto. Nimeona bugobogobo ya Wasukuma, wale wa majembe: jembe linarushwa juu, linageuka, linadakwa kwa mpini, na mcheza wa pembeni hata haliangalii. Nimeona sindimba ya Wamakonde. Nimeona sarakasi, watoto wamepandana ghorofa nne, na yule wa juu kabisa anakula ndizi. Watoto wa mji wamekaa chini mbele ya viti vya wageni waalikwa, hakuna anayewafukuza, na wanajua kila hatua kabla mchezaji hajaifanya. Ukitaka kujua mchezaji amekosea, usimtazame yeye, tazama nyuso za watoto.

Halafu akaja Mgogo mmoja kijana, peke yake, na ilimba, ala ya fito za chuma zilizopangwa juu ya kisanduku. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha hapa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, ndiye aliyekifikisha chombo hiki kwenye majukwaa ya ng'ambo. Kijana akakaa kwenye kigoda, maiki moja mdomoni, moja kwenye kisanduku cha ilimba. Akaanza kupiga kwa vidole gumba. Na mimi nikasikia waya mbovu.

Zzzz. Kila akigusa ufito wa chuma, sauti safi inatoka, na nyuma yake zzzz ndogo, kama nyuki kwenye chupa. Nikavumilia dakika mbili. Uungwana wa kazi ukanishinda, nikainama nikapita kando ya viti hadi kwa fundi mitambo, mzee mwenye tochi mdomoni. Nikamnong'oneza: chaneli ya ilimba, mzee wangu, waya unavuma. Akatoa tochi. Akanitazama kama alivyonitazama yule shehe.

"Wewe fundi wa wapi?"

"Tanga."

"Onyesho likiisha usiondoke."

Onyesho likaisha. Akanipeleka nyuma, akamwomba kijana chombo chake, akakigeuza. Kwenye ubao kuna tundu dogo, na juu ya tundu kumebandikwa utando mweupe, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Ni utando wa buibui. Ule utando ndio unaovuma. Umewekwa makusudi, na ukichanika mwenyewe anatafuta mwingine, kwa sababu ilimba isiyovuma, kijana alisema, inalia kama imefiwa. Mzee akaniambia mafundi wengi wakija hapa jambo la kwanza wanashusha masafa ya juu ili kuiua ile zzzz. Wanaiua kweli, na ilimba inakufa nayo. Yeye huongeza kidogo. Akaniachia nigeuze kifundo mwenyewe wakati kijana anapiga. Nimekaa pale nusu saa.

Sasa natafakari ni zzzz ngapi nimeziua Tanga katika miaka kumi na saba.

Saa tano usiku, kikundi cha mwisho kilipoanza, mama mmoja wa palepale Bagamoyo alifungua kanga ya mabegani akaifunga kiunoni. Kitendo hicho tu. Safu nzima ya nyuma yake ikainuka, kisha ya pembeni, mgeni wa heshima akabaki amekaa peke yake na chupa ya maji, halafu naye. Basi za kurudi Dar zilikuwa zimekwisha zamani. Nimelala gesti, feni haifanyi kazi, sikujali.

Jumapili

Nimerudi saa nne asubuhi, nimeoga, nikamwambia shangazi avae, namtoa. Amebishana kwa heshima ya kubishana, kisha akatoka na baibui jipya na mwavuli.

Nimempeleka Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, ambacho amepita mbele yake maelfu ya mara na hajawahi kuingia tangu kifunguliwe mwaka 1967. Ndani kuna nyumba za jadi zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, ya Wazaramo na nyinginezo, na mwisho wa wiki hupigwa ngoma. Alizipita nyumba zote haraka ("nimekulia kwenye udongo, nitazame udongo?") akaketi safu ya mbele.

Kikundi kilikuwa cha vijana kumi na mmoja. Walikuwa wameanza kwa mwendo mkali mno, na mwavuli wa shangazi ukaanza kugonga chini, si kwa kufuata mdundo wao bali kwa kuurekebisha. Ngoma ya vumi sawa, ya msondo sawa. Chapuo lilikuwa limelegea, limelala na unyevu wa mvua za juzi, linatoa sauti ya kupiga godoro. Hata mimi nililisikia. Wageni watatu wa Kizungu wanarekodi kwa simu, wamefurahi.

Katikati ya ngoma shangazi akainuka. Nikadhani anaenda kucheza, moyo ukanipanda. Akavuka uwanja na mwavuli wake mpaka kwa mpiga chapuo, akaweka kiganja juu ya ngozi, kijana bado ana mikono hewani.

"Hii umeikanza saa ngapi?"

"Asubuhi, bibi. Shikamoo."

"Asubuhi! Ngozi imelala hii. Irudishe motoni."

Wakasimama wote. Kijana akatazama kiongozi, kiongozi akatazama chini. Nyuma ya banda kulikuwa na majivu ya moto wa makuti. Shangazi akasimamia, wakaongeza makuti, akawaonyesha kuizungusha ngoma kando ya mwako badala ya juu yake, ngozi ipate joto ukingoni kwanza. Alikuwa anaigonga kwa kidole cha kati kila baada ya muda, sikio limeinama, hasemi. Pa. Bado. Pa. Bado. Mara ya sita au ya saba ikatoa mlio mkavu uliorudi kutoka kwenye ukuta wa tembe. Akawarudishia ngoma yao, akarudi kuketi, akakunjua mwavuli dhidi ya jua. Walipoanza tena walianza taratibu.

Njiani hakusema kitu mpaka kituo cha Morocco. "Yule mtoto ana mkono," akasema. "Moto ndio hana."

Usiku wa siku hiyohiyo rafiki wa zamani, fundi mwenzangu, amenipeleka Manzese kwenye mkesha wa harusi. Singeli. Mtaa umefungwa kwa kibali cha serikali ya mtaa, spika nane zimepangwa kama ukuta wa tofali, kompyuta moja ya mapajani yenye ufunguo uliong'oka, na MC asiyepumua. Singeli imezaliwa kwenye mitaa hii, Manzese, Tandale, Mburahati, kutokana na mchiriku na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa, na mapigo yake yanapita mia mbili kwa dakika. Moyo wangu ulijaribu kufuata ukaacha.

Nilitazama miksa. Taa zote nyekundu. Hakuna hata moja ya kijani, kila kitu kimepita kiwango, spika zinapasuka. Mkono ukanikimbia wenyewe kushusha. DJ, kijana mwembamba, akaushika kwa upole.

"Kaka, ikiwa kijani hawaisikii. Ikiwa nyekundu wanaihisi."

Juzi ningemfundisha kazi. Baada ya Bagamoyo nimenyamaza.

Jumatatu

Asubuhi, shangazi anageuza vitumbua.

"Manzese je? Waliinuka?"

"Shangazi, hakukuwa na kiti hata kimoja."

Amecheka mpaka kitumbua kimoja kikaungua, na hicho ndicho alichonipa.

Kariakoo mwenye ufunguo karudi safari. Miksa imefika ndani ya boksi lake. Nimeifungulia palepale kaunta, nimenong'ona chaneli zote kumi na mbili moja baada ya nyingine, na ya tano haikunong'ona. Kijana akasema ni maiki yangu. Nikaihamishia ya nne, ikanong'ona. Akasema ni vumbi. Akapuliza. Akasema ndiyo iliyobaki, nyingine mpaka mzigo uingie, na mzigo haujulikani. Tumevutana kuanzia saa tano hadi adhana ya adhuhuri, nimetoka na punguzo la elfu hamsini na miksa yenye chaneli kumi na moja. Ya tano nimeibandika plasta.

Jumanne

Basi la saa mbili. Utingo alitaka kuitupa miksa kwenye buti chini ya magunia ya vitunguu, nimekataa, nimeipakata. Jirani yangu ameuliza ni kompyuta ya nini, nikamwambia ya kelele.

Tumefika Chalinze mvua imeanza tena. Hapo ndipo simu imeingia, shangazi, anauliza harusi ya binamu yangu Desemba kule Ngamiani itakuwa na ngoma au ni spika zangu tu, kwa sababu kama ni spika tu yeye nauli hatoi.

Nimemwambia zitakuwepo zote mbili. Akauliza nani atapiga chapuo. Nimesema nitamtafuta mtu.

"Na makuti uyatafute makavu," akasema, akakata.